Mpira wa Fainali

Jumapili, Kamenu

Thika nzima hakuna mtu wa bahati kama mimi. Siku moja tu: asubuhi Wanjiru wangu akazaliwa, mchana nikafunga bao la fainali dhidi ya Mwiki, na jioni kocha wetu akafa akiwa bingwa. Miaka kumi na minane nimeisimulia hivyo. Wanjiru, ambaye sasa ni straika, huringa nayo kila mahali.

Leo kwa ibada ya kumkumbuka kocha, mjane wake alinishikisha mpira wa ile fainali.

"Baba Wanjiru, alikuja nao nyumbani akasema kesho atampa aliyefunga. Kesho yenyewe hakuiona."

"Ngai, baba!" Wanjiru akacheka. "Si ni mpira wako wa fainali!"

Wenzetu wa timu walishatawanyika, amebaki Njoroge tu, yule wa mitumba pale Ruiru. Akaomba kuushika. Akaupangusa vumbi kwa mkono wa shati, polepole, akanirudishia.

"Uchunge vizuri, bingwa," akasema, na hakuwa anatania.

Uko hapa mezani.

Siku ile nilishinda hospitali, nimempakata Wanjiru. Njoroge ndiye alifunga. Mimi sikucheza hata dakika moja.