Jiwe la Nne

3 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima, mgongo tu ndio unaoamka na malalamiko. Wajukuu hawajambo?

Umeandika: "Jiwe ni jiwe, baba. Mashine itachora jina la mama kwa saa moja, tena bila kukosea." Uongo mtupu! Mashine inachora juu. Ya ndani haiyajui. Mimi kabla ya kushika patasi naligonga jiwe kwa nyundo ndogo na kutega sikio. Jiwe jeusi zima hulia kama kengele. Lenye ufa hujibu kama chungu kilichopasuka. Hiyo mashine yenu inatega sikio gani? Mama yako hatalala chini ya jiwe ambalo hakuna aliyelisikiliza.

Baba yako

19 Machi

Shikamoo baba,

Sisi wazima, mdogo ana mafua tu.

Usinifokee. Mwaka wa pili huu kaburi la mama lina kipande cha ubao. Jirani yako seremala ameniambia mawe matatu yamekupasukia, yote ukiwa umefika nusu ya jina. Wewe, ambaye miaka arobaini hukupasua hata moja! Na kwenye simu nakuuliza kama umekula, unanijibu habari za mvua.

Baba, jiwe unalisikia?

Bintiyo

8 Aprili

Shikamoo baba,

Hujajibu. Kaka anasema ukinuna ni kawaida yako. Mimi sijazoea.

Bintiyo

27 Juni

Mwanangu,

Marahaba, zote mbili. Mzima, ila nimechoka.

Nilikuandikia barua tatu za kukugombeza, nikazichana. Hoja zilikuwa kali, na zote za uongo. Silisikii. Nagonga, masikioni kimya. Nikawa nachonga kwa kubahatisha, tena jina la mama yako.

Kuhusu mashine bado umekosea, sirudi nyuma hata hatua moja. Lakini unakumbuka ulipokuwa huna meno ya mbele, umekaa juu ya lundo la mawe, unanikemea: "Hilo lina kikohozi, baba, liache"? Hukukosea hata siku moja.

Jiwe la nne liko uani. Sijaligusa. Basi wewe, na kaka yako umsomee hapa: acheni kunitafutia mashine. Njooni. Yeye alinyanyue upande mmoja, maana jiwe lililolala halisemi. Wewe uligonge. Mimi nitanyamaza, mara moja katika maisha yangu, mpaka uniambie.

Baba yako