Nani Atanipikia

Jumanne, Kayole

Eti chuo cha hapa mjini. Binti yangu Akinyi ameamua hivyo leo, nami nimegaagaa kitandani mpaka nimewasha taa. Hapa watamfundisha historia ya enzi za kati anayoipenda, wale wafalme na ngome zao, kwa muhula mmoja tu. Kile cha ng'ambo kimemkubali kwa digrii nzima, tena karo watalipa wao.

"Baba, hapa panatosha. Nani atakupikia?"

Mimi, dereva wa lori ninayejulikana hadi Lusaka, niliinamia sahani aliyonipakulia, nikala. Kwetu mwanamume haingii jikoni, na tangu mama yake afariki...

Kesho nitasonga ugali mwenyewe. Ukitoka uji, nitamwambia kuwa Lusaka ndivyo wanavyoula, na yeye aende zake akasome.