Kilichozikwa Chini ya Mgomba

Alhamisi, 6 Machi 2025

Velma amezaliwa! Kilo tatu na kidogo. Nywele nyingi kama za mume wangu Omosa.

Sista Rodah alikuja kitandani na fomu ya utafiti. Anasema kwa kamba ya kitovu kuna seli changa. Ukizitia ndani ya jeli — si ya nywele, hii imeshika maji mengi — zinaweza kukua ziwe gegedu. Gegedu ni ile kitu nyeupe tunatafuna mwisho wa mfupa wa kuku. Ya mama mkwe imeisha magotini. Miaka ishirini na sita ya kuchuma majani chai!

Nikasaini mbio. Nikatoa kamba na kondo la nyuma lote. Sikuwaza kwamba nyumbani wanalingoja.

Jumamosi, 8 Machi

Tumefika nyumbani Kedowa. Mama mkwe, Mama Bonareri, mlangoni, jembe mkononi, shimo tayari chini ya mgomba. Kabla hata ya kumwona mtoto: umekuja nalo? Kwao kondo huzikwa nyumbani, ndio mtoto ajue kwao.

Nikasema ndio. Mdomo ulijisemea.

Alikuwa ametuchinjia kuku. Nikaingia jikoni, nikachukua matumbo, nikaongeza miguu ndio iwe nzito, nikafunga kwa kipande cha leso. Mungu wangu.

Akapokea kwa mikono miwili. Akapiga magoti! Huyu mama hata kanisani anabaki kwa benchi wengine wakipiga. Akaombea matumbo ya kuku. Ni mimi nilimwinua, akiuma meno.

Jumanne, 22 Aprili

Rodah amepiga simu. Gegedu imekua! Kadogo kama punje ya mahindi, nyeupe, inateleza. Nimelia kwa furaha.

Nikauliza mama aje lini awekewe. Akasema: "Vivian, hii ni ya maabara. Hata kwa mbuzi hatujajaribu. Labda miaka kumi." Ati aliniambia siku ile ile niliposaini.

Mimi nilisikia magoti tu.

Jumapili, 27 Aprili

Velma analia siku ya tatu. Tumbo, nafikiri. Mama hataki kusikia. Anasema kondo lililala vibaya, na ni yeye alilaza, macho yake hayaoni vizuri. "Nisamehe, mama Velma. Nimetesa mtoto."

Ananiomba msamaha. Mimi!

Anataka kufukua aligeuze. Nikasema tungoje kesho, mvua inakuja. "Mvua ni ya Mungu, mtoto ni wetu." Akacheka, akachukua jembe.

Nimejifungia chumbani na hii kalamu. Matumbo yameoza. Miguu je?

Ananiita: "We mama Velma! Kuja unishike mkono, nipige magoti!"

Nikimwambia — nianze na ile punje, ama na kuku?

Ananiita tena.