Nimesikia

Jumapili, 4 Agosti 2024

Walima wa jana Chikongola, salama. Masufuria yalirudi matupu. Leo kikao chetu wapishi, uani kwangu: mimi, Farida, Modesta na Mgeni. Kanuni niliiweka mwenyewe tulipoanza: kila mtu aambiwe kosa lake usoni, na anayeambiwa hajitetei. Anasema "nimesikia", basi.

Nikamwambia Farida wali wake una kiini tangu nimjue. Aachane na jiko, amenye vitunguu. Macho yakamjaa machozi. Nimesikia, dada Rukia. Modesta akatazama pembeni. Sasa nimekosea nini? Msema kweli mpenzi wa Mungu.

Jumatano, 7 Agosti

Mafua yameisha lakini kuna jambo. Chai ya asubuhi nilidhani nimesahau sukari. Nikaramba sukari yenyewe — mchanga. Ndimu, hakuna. Chumvi, hakuna! Sijamwambia mtu. Mpishi asiyeonja ni mpishi gani?

Jumapili, 11 Agosti

Aibu. Jana, harusini, niliwaonjesha wote watatu mchuzi kabla haujapakuliwa. Uko sawa, dada. Hauna neno. Wageni wakala wali mkavu, mchuzi ukabaki. Mama wa bibi harusi akaniuliza, kwa upole kabisa, kama siku hizi chumvi tunagawiwa bure.

Leo kikaoni nikasema haya, zamu yangu, niambieni. Mgeni: hatuna la kusema. Modesta: ulipika vizuri, dada. Farida alikuwa anafuta sahani, hakuinua kichwa. Walionja. Walijua! Miaka sita nawafundisha kusema kweli, na siku ninayoihitaji wananipa heshima. Mkuki kwa nguruwe — najua, najua. Bado nawachukia.

Jumatatu, 12 Agosti

Sikumbuki hata mara moja kumwambia Farida kwamba sambusa zake hazina mfano. Nilidhani anajua.

Jumamosi, 17 Agosti

Nanyamba, watoto wanatoka jandoni. Naandika nimekaa juu ya gunia la mkaa. Pilau la kilo hamsini, na nikiliharibu hili hakuna atakayetuita tena, si huku si mjini.

Nimemwita Farida kando. Nimemwambia yote. Kwamba ulimi wangu umekufa tangu yale mafua, sionji kitu. Kwamba yale ya vitunguu niliyasema kwa kiburi, mbele za watu, na nilijua yatamuuma. Nikamwomba anionjee supu, aniambie kweli, chumvi imetosha au haijatosha.

Alinisikiliza mpaka mwisho, kisu mkononi.

"Nimesikia, dada Rukia."

Akarudi kwenye vitunguu vyake.

Supu inachemka. Chumvi ninayo kiganjani. Mchele umeshaoshwa, na Modesta anauliza mara ya pili: autie, au bado?