Kichujio cha Barua za Shule

Jumatatu, 6 Novemba
Barua pepe taka tele tena asubuhi. Nimefuta, nikaenda kufundisha informatique, somo la kompyuta. Adhuhuri préfet, mkuu wetu wa shule, akaniita. Mtu asiyejulikana amewaandikia walimu kwa jina lake, akiomba maneno yao ya siri. Watatu wametoa. Ana hasira na aibu. Anataka tuachane na mashine yetu ya zamani inayotunza barua, tukodi huduma ya kampuni. Nichague mimi.
Nyumbani Nyalukemba, mihogo ya jana. Baridi. Tangu mke wangu afariki sipashi chakula.

Jumatano, 8 Novemba
Huduma ni mbili. Moja ya vijana wa hapa Ibanda: unaweza kwenda kuwagongea mlango, lakini takataka nyingi hupita. Nyingine iko Ulaya, kichujio chake kikali. Préfet ameipenda hiyo ya Ulaya. Tunaijaribu. Nimekikaza kichujio mpaka mwisho.

Ijumaa, 10 Novemba
Safi. Hakuna taka hata moja. Walimu wamenishukuru, nimefurahi kidogo.
Sanduku langu mwenyewe tupu. Watoto wako Kinshasa, hawaandiki. Zamani angalau walaghai walinikumbuka.

Alhamisi, 16 Novemba
Siku mbaya.
Tonton wa Neema, mjomba wake, amefika kutoka Shabunda. Neema ni wa mwaka wa sita, analala internat, bweni la shule. Tonton alidhani tunajua: mama yake Neema amefariki wiki iliyopita. Baba, mchimba dhahabu, alituandikia mara mbili kwa anwani ya mwenye cyber, duka la intaneti. Mara ya kwanza mama alikuwa bado anapumua. Baba aliomba mtoto apandishwe ndege.
Nimefungua folda ya taka. Zote mbili zilikuwamo. Anwani ngeni, herufi kubwa, neno HARAKA. Kichujio kilimwona mlaghai. Mama amekwisha kuzikwa.
Préfet alitaka kumwambia Neema yeye mwenyewe. Nikasema niachie. Neema hakulia mbele yangu. Aliuliza tu:
"Prof, ile mesaji ya papa ilikuwa wapi siku zote hizi?"
"Ilikuwa hapa hapa. Ni mimi niliifungia."
Alinitazama, akaenda kufunga begi lake. Tonton anamchukua matangani.
Najichukia.

Ijumaa, 17 Novemba
Sikufundisha. Nimekwenda kwa vijana wa Ibanda. Tumeelewana: barua chafu waziwazi itupwe, yenye shaka iwekwe kando, mtu wa shule aisome kila asubuhi. Takataka zitapita, ndiyo. Lakini wale wanajua Shabunda iko wapi.
Préfet hakupendezwa. Akasema: "Nani iko na wakati ya kusoma takataka kila siku?"
"Mimi niko nayo."
Hakubisha. Anajua nyumba yangu ilivyo.

Jumatano, 22 Novemba
Nimesoma zilizowekwa kando. Uchafu mtupu, isipokuwa maman mmoja wa Mwenga anayeuliza kama mutoto wake amepona malaria. Nimetembea mpaka darasani, nikamwita mtoto, akajibu mwenyewe. Amepona.

Jumapili, 26 Novemba
Neema amerudi. Baada ya misa amekuja kuniomba mashine, amwandikie papa yake. Nimemfungulia chumba, nikasimama barazani nimempa mgongo. Mvua ilikuwa inakuja kutoka ziwani. Aliandika kwa muda mrefu.
Alipomaliza alisema aksanti, prof, akarudi internat.
Kiti kilikuwa bado na joto. Nilikikalia mpaka mvua ikapita.