Gunia Halina Miguu

Wafula, ndugu yangu,

Ni mimi Mutua, Mkamba wako wa stoo ya matrekta. Leo ni Jumapili mchana, nimekalia debe, mikono inanuka grisi na mgongo umekataa kunyooka. Darasa la nne halikunifundisha namna ya kumwandikia mtu aliye chini ya udongo, kwa hiyo nitaandika kama tulivyokuwa tukizungumza. Mama yako yuko hospitali Bungoma. Amefika. Nakuambia hilo kwanza ili mengine uyasikie ukiwa umetulia.

Hapa Kwanza, upande huu wa Kitale, shamba ni lile lile. Mahindi yamepita kichwa cha mtu. Kitanda chako nyapara amempa mwingine, mtu mmoja wa kabila la Wateso anayekoroma, na mimi bado namwita kwa jina lako nikitaka kupewa spana. Haitiki. Nimechoka, Wafula. Hata ulipokuwapo nilikuwa nikichoka, lakini uchovu ule tuliugawana.

Kichomi kilipokuchukua, pikipiki tuliyokuwa tukimtengenezea mama ilibaki juu ya magogo, gurudumu la nyuma limevuliwa, breki tu ikibaki kukazwa. Lori la shamba lilikupeleka kwenu Chwele, nami nikarudi stoo nikaanza kuikaza, maana sikujua mikono niiweke wapi. Ndipo mjomba wako Wekesa akaleta neno kwamba mali ya marehemu haiguswi kabla watu wa nyumba hawajanyolewa nywele za matanga. Nikaweka spana chini. Kwetu Machakos hatufanyi hivyo, lakini wewe ulikuwa wa kwenu. Nilipita kando yake kila asubuhi kama mtu anayempita mgonjwa. Kisha neno la pili likaja: tumekwisha kunyolewa, imalize, uilete upesi, kidonda cha mguu wa mama kimeanza kunuka.

Unamkumbuka yule Kalasinga wa Kitale, mwenye kilemba, aliyekuuzia pikipiki? Ulipomwambia unataka ipande mpaka kwenu mlimani, alicheka mpaka akashika tumbo. "Hii farasi ya barabara, bana. Wewe nataka fanya punda?" Ukamjibu, "Punda ndiye hufika kwa mama yangu."

Basi tukafanya punda. Madigadi ya mbele tuliiinua mpaka ngumi ikapita kati yake na tairi, tope lisijazane. Matairi vipara tukayatoa, tukatia yenye meno. Bomba la moshi tulilitoa tumboni tukalipandisha ubavuni, upande wa kulia, lisinywe maji ya mto. Kifuniko cha mnyororo, kushoto, tukakitupa kwa sababu kilikuwa kinakusanya udongo. Sahani ya plau iliyovunjika ikawa ngao ya injini. Halafu ukafunga gunia la mahindi kwenye kiti cha nyuma, ukashuka mtaroni na kupanda tena kama mlevi, na gunia halikuanguka. Ukasema, "Mama ni mwepesi kuliko hili. Kazi imekwisha, bana."

Haikuwa imekwisha.

Nilirudisha gurudumu, nikaondoka kuwapelekea; barabara kubwa ilikuwa nzuri. Kutoka soko la Chwele kwenda kwenu mvua ilikuwa imegeuza njia kuwa uji, na pikipiki ikapanda, Wafula. Polepole, inalia, lakini ikapanda. Nilitamani uone. Nilifika uani nimejaa tope mpaka kwenye meno, na watu wote wamesimama, vichwa vyao vinang'aa.

Walikuwa wametaka kumbeba mama kwa kitanda mpaka barabarani. Alikataa. "Mimi si maiti. Mmebeba mmoja, inatosha." Akaja na fimbo yake, mguu wa kushoto umefungwa kitambaa, akageuka akae kama akina mama wanavyokaa, miguu yote upande mmoja. Hapo tukaona sote kwa pamoja. Kulia, bomba lenye moto. Kushoto, mnyororo uchi unaongoja gauni. Sisi wanaume wawili tusio na wake tulipima kila kitu kwa gunia, na gunia halina miguu.

Nikasema nitairudisha Kwanza nikalishushe bomba. Mjomba akasema sawa, siku nyingine. Lakini nilikuwa nimesikia harufu ya kile kidonda. Nilitaka kukaa chini nilie, hata nguvu ya kulia sikuwa nayo.

Mama akauliza, "Suruali ya mwanangu iko wapi?"

Watu wakamgeukia mjomba. Nguo zako zilikuwa zimegawanywa, na ile ya kaki mjomba alikuwa ameivaa.

"Wekesa," mama akamwambia ndugu yake, "vua."

Akaingia ndani, akatoka na blanketi kiunoni. Shangazi yako akashika kichwa: "Ati mama mzima na suruali! Watu wa soko watasema nini?"

"Watasema nimepita."

Akaivaa, akaifunga kwa kamba, akapanda kama mwanamume, miguu mbele juu ya vyuma vya pembeni ulivyochomelea wewe kushikilia gunia. Upande wa bomba tulifunga gunia lililolowa. Tuliposhuka mteremko aliniambia mgongoni, "Pole pole, mwana wa Machakos. Ama unataka watu wanyolewe tena?" Sokoni mtu akapiga kelele, "Mzee huyo ni wa wapi?" Naye akajibu kwa sauti ambayo sikujua anayo, "Si mzee! Ni mamake Wafula!" Kisha akaegemeza uso mgongoni mwangu. Nikasikia shati langu linalowa, na mvua ilikuwa imekatika. Sikugeuka.

Daktari amesema mguu utabaki, hautakatwa. Atalala pale muda mrefu. Tungechelewa, alisema, kisha akatikisa kichwa tu.

Ndugu yangu, pumzika sasa, sehemu yako umeimaliza. Mimi nakata bati la kufunika mnyororo na jingine la kuzuia moto wa bomba, ili mama akitoka akae apendavyo. Nitamchukua mwenyewe na kumfikisha mlangoni kwake, atashuka kwa miguu yake miwili. Pikipiki nitaiacha hapo, ni yao. Kisha nitaomba ruhusa na kupanda gari la moshi kwenda Machakos. Mama yangu naye ni mzee, nami sijamwona tangu nije huku. Nataka kufika angali anaweza kunigombeza.

Mutua