Kisima Hulazwa Adhuhuri

Jumatano, 24 Januari 1962
Nimeosha magari matatu tangu asubuhi, kwa ndoo na tambara. Kiuno chaniuma. Vumbi la barabara ya Msambweni haliishi kwa ndoo. Mtu wa akili zangu, darasa la nne na vita vya Burma juu yake, hafai kuinama hivi. Adhuhuri dada Mwanamisi akaja na ubao wake akafunika kisima, kama kila siku. Kisima hulazwa mpaka alasiri, ndiyo desturi tangu babu yetu alipokichimba. Gari la nne likaondoka na vumbi lake. Nimeudhika.
Nitanunua mashine.

Jumamosi, 27 Januari
Nimevuka kwa feri kwenda mjini, dukani kwa Sheikh Mbarak, muuza mashine. Kanionyesha picha: gari laingia chafu katikati ya mabrashi yanayozunguka yenyewe, latoka kama bibi harusi. Bei yake ni nyumba na shamba. Tena yataka stima, na Mtongwe kwetu hakuna. Ninazoziweza ni mbili. Pampu ya mkono, mpya, ndogo. Na pampu ya petroli, kuukuu, bomba nene kama paja langu, rahisi ajabu. Sheikh yuasema kwa kisima cha nyumbani nichukue ya mkono. Dada naye yuasema hivyo hivyo. Nafikiri.

Jumatatu, 29 Januari
Nimechukua ya petroli.
Ya mkono ilinitosha, wallahi, nilijua palepale. Lakini Salimu dereva wa teksi alikuwa dukani anasikiliza, na nilikuwa nimeshamwambia kwamba Burma niliosha vifaru arubaini kabla ya chai. Mtu wa vifaru arubaini atatokaje dukani na pampu ya mkono?
Burma nilikuwa jikoni.

Jumatatu, 5 Februari
Nimeiwasha. Mtaa mzima ulikuja. Maji yaliruka mpaka juu ya makuti. Nikawaambia mashine hii huosha yenyewe, kazi yangu kuiamuru tu. "Na kufuta yafuta yenyewe, mjomba?" Salimu huyo. Wakacheka.
Adhuhuri dada akaja na ubao. Nikamwambia mbele ya watu kwamba mashine yangu haijui kulala. Akasema, "Kisima ni kama ng'ombe, Bakari. Usipompumzisha utakamua damu." Watu wakamcheka, kwa sababu mimi nilicheka kwanza. Akarudi ndani na ubao wake.
Mwezi ukiandama, kesho twafunga.

Jumapili, 18 Februari
Magari yamepanga mstari hadi njiani. Kila mtu ataka gari safi la Idi. Naiwasha baada ya alfajiri, naizima karibu na magharibi. Sasa naitwa Bwana Mashine. Barazani nimesema mkubwa wa bandari ameuliza habari zangu. Hajauliza mtu.

Alhamisi, 1 Machi
Salimu amerudi. Teksi yake nyeusi ilipokauka ilitoka michirizi myeupe, kama mgongo wa shati la hamali. "Mjomba, gari langu nalo limefunga? Jasho lote hili la nini?" Nikamwambia ni sabuni ya Ulaya, ndivyo ilivyo.
Ningeyaonja maji. Lakini nimefunga, na jioni nafungua kwa dafu.
Nilifurahi kwamba nimefunga.

Jumanne, 6 Machi
Mzee Hamadi, muadhini wetu, hufungua kwa maji ya kisima chetu. Dada humpelekea mtungi kila jioni, sadaka ya babu. Leo akala tende, akapiga funda, akayatema. Hakugomba. Akauliza tu, "Mwanamisi, haya ni ya wapi?"
Dada akanitazama mimi.
Bomba limevuta maji matamu yote, na maji ya bahari yamefuata nyuma. Kisima kilichonywesha mtaa tangu babu. Hadithi ninazo nyingi, leo sikupata hata moja.

Alhamisi, 8 Machi
Idi. Sikuiwasha. Wanawake wamekwenda kuchota kisima cha mbali, na nguo zao mpya. Nimebeba madebe mawili nyuma yao. Hakuna aliyenitania.
Afadhali ningalitaniwa.

Jumapili, 20 Mei
Masika yamenyesha vizuri. Mashine imo bandani, kuku wa dada anaatamia juu yake. Kisima nakifunika mimi sasa. Dada alinipa ubao siku moja.
Leo nimeonja. Chumvi imepungua, au ulimi umezoea, sijui. Mzee Hamadi alikuwa akipita. Akauliza kama maji yamerudi. Watu wa barazani wakageuka kunisikiliza, Salimu miongoni mwao. Hadithi nzuri ikanijia mpaka kwenye meno.
Nikasema bado.
Kisha ilikuwa adhuhuri, nikakilaza kisima.